Dakika Tatu za Mama Mgeni

Ghorofa ya juu ya idara ya saikolojia wanakaa watafiti wa kumbukumbu, ya kati watafiti wa usingizi, ambao wenyewe husinzia vikaoni, na chini kabisa, jirani na choo, kuna kitengo cha watoto wachanga. Hapo karani mmoja mtu mzima alipewa kazi ya ziada ya ajabu: kuwa mtu asiyejulikana. Kwa miaka miwili alikuwa akiingia kwenye chumba chenye mama na mtoto wasiomjua, ili watafiti walio nyuma ya kioo waone mtoto atafanya nini. Dakika ya kwanza anakaa kimya. Ya pili anaongea na mama. Ya tatu anacheza na mtoto, kisha ukuta unagongwa, mama anatoka na kumwachia mtoto. Idara nzima ilimwita Mama Mgeni, na jina likamganda.

Sharti lilikuwa moja tu: akiifahamu familia aseme, na zoezi la siku hiyo linafutwa.

Asubuhi moja alichungulia kiooni kabla ya kuingia. Mama wa familia namba ishirini na nane, aliyekaa peku kwenye zulia, alikuwa binti yake wa kumzaa.

Walikuwa hawajaonana miaka miwili na nusu. Binti alimleta mchumba, fundi bomba, na mama kwa ukaidi wake akamfukuza mwanamume wa watu mbele ya majirani, akamwambia binti kama anamfuata basi asirudi. Binti akamfuata. Habari za mjukuu mama alizipata kwa watu, akalia peke yake, lakini simu hakupiga. Kiburi kitu kibaya jamani.

"Uko tayari, Mama Mgeni?" aliuliza mtafiti, msichana wa miwani, huku akijaza fomu. "Mtoto hakufahamu, siyo?"

Akisema ukweli, binti atabeba mkoba wake aende zake, na mjukuu hatamwona tena.

"Hajawahi kuniona," alijibu, na huo haukuwa uongo. Akapiga moyo konde, akavua viatu mlangoni, akaingia.

Binti aliinua macho, uso ukamkakamaa. Akamvuta mtoto mapajani. Mama Mgeni aliketi na kunyamaza kama kanuni inavyotaka. Mtoto alikuwa na masikio ya marehemu babu yake, yale yale yaliyochomoza.

Dakika ya pili ilipofika alianza na maneno aliyoyasema miaka yote.

"Mtoto ana umri gani?"

"Miezi kumi na mitatu."

"Analala vizuri?"

"Halali. Uliniambiaga na mimi nilikuwa hivi hivi."

Hapo maneno ya kazi yakamwisha. "Mwanangu, nilikukosea. Wewe na mumeo."

"Mama, wale wanasikia," binti alinong'ona, akionyesha kioo kwa kidevu.

"Waache wasikie. Nilipokufukuza si majirani wote walisikia?"

Dakika ya tatu ikaingia. Mama Mgeni alimbiringishia mtoto mpira, mtoto akautazama tu. Ukuta ukagongwa. Binti hakuinuka. Ukagongwa tena. Akina mama wengine, wakifika hapo, humbeba mtoto wao na kuondoka naye, wala hakuna anayewalaumu. Binti alimtazama mama yake. Kisha akamweka mtoto zuliani, karibu kabisa na miguu ya bibi yake, akatoka na kufunga mlango.

Mtoto akaangua kilio. Bibi akambeba, mtoto akajipinda, akamsukuma, akamkwaruza shingo.

"Lia, mama, lia," alimwambia, naye machozi yakimtoka. "Una haki. Hunijui."

Mlango ulipofunguliwa mtoto alimrukia mama yake, akanyamaza. Mtafiti aliingia nyuma yake na fomu mkononi, kaduwaa.

"Nimeandika hamfahamiani. Sasa niandike nini?"

"Futa," alisema binti. "Andika huyu ni bibi yake."

"Basi matokeo haya siwezi kuyatumia."

"Pole, dada."

Binti alienda mlangoni vilipokuwa viatu vyake, akageuka.

"Mshike, nivae."

Mtoto akaanza upya, kwa sauti ya kuwaamsha wale wa ghorofa ya kati. Mama Mgeni akasita kunyoosha mikono.

"Shika tu, mama," binti alisema. "Atakuzoea."