Matuta ya Maua ya Hamidi

Hamidi alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Kila aliyefariki Pumwani, yeye ndiye aliyeitwa kuchimba kaburi, kwa thawabu tu, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alipopata kazi ya bustani kwenye jengo jipya la chuo kule mjini, alimwambia mkewe, Mumina, "Sasa jembe langu ni la maua. Makaburi wachimbe wengine."

"Inshallah," Mumina akasema, akiendelea kuchambua mchicha.

Mzungu aliyechora ramani ya jengo alitaka maua mbele ya ngazi. Hamidi akachimba, akainua udongo, akaupigapiga kwa bapa la jembe. Adhuhuri nyapara wake, Phares, akaja kukagua. Akasimama, akavua kofia.

"Mzee, hapa umezika nani?"

Hamidi akatazama. Matuta yake yalikuwa na urefu wa mtu, upana wa mtu, na yote yamelala ubavu kwa kibla.

"Mkono umezoea, bwana."

"Basi uzoeze mengine. Wanafunzi watatoroka kabla hawajaingia. Ramani inataka matuta ya kupinda, na Mzungu akiyakuta haya, mimi na wewe kazi hatuna."

Hamidi akafukia, akaanza upya. Akijaribu kupinda, jembe linanyooka lenyewe. Mwishowe Phares akaburuta mpira wa maji, akaulaza chini, ukajikunja.

"Usifikiri, mzee. Fuata mpira."

Akafuata, mgongo ukimuuma, hadi tuta likatoka limepinda. Akalitazama. Hata mtoto asingelala pale.

Alasiri Hamidi aliporudi nyumbani alimkuta Kahin, muuza chai jirani yao, amesimama mlangoni pake, macho mekundu.

"Mzee, mama ametutoka."

Mumina akasema, "Pole, baba. Lakini huyu hata maji hajanywa."

"Najua, mama. Ila mimi sijui kuchimba."

Hamidi aliegemea mlango. Akampa Kahin jembe.

"Twende. Utachimba wewe."

Kule makaburini akaketi chini. Kahin akachimba kidogo, shimo likaenda kombo. Hamidi akafungua kilemba chake, akakinyoosha juu ya udongo, sawasawa.

"Usifikiri, mwanangu. Fuata kitambaa."

Kahin akafuata. Hamidi akanyoosha miguu, akasikiliza jembe likienda bila yeye.