Mdomo Mmoja wa Bodi Zote

Shemeji aliapa kwamba angerudi nyumbani kwa dada yangu siku bodi za kompyuta za kazini kwetu zitakapoweza kusema bila yeye. Kiini cha mfumo unaoziendesha alikiandika mwenyewe, na kila bodi mpya ilipofika aliiandikia upya msimbo wa poti ya siriali, ule waya ambao mashine isiyo na kioo huutumia kutueleza inaumwa wapi. Kwa hiyo kila bodi ilikuwa na mdomo wake, na mdomo ukikwama anaitwa shemeji. Dada ni kama aliolewa na simu isiyopatikana.

Mimi na fujo hatupikiki chungu kimoja. Nikaamua kukusanya midomo yote kwenye faili moja.

"Utaharibu, shemeji," alinionya.

"Nikiharibu utasema. Mahari ulimtolea dada, mimi hunifokei."

Mchana ule jua lilikuwa limelala juu ya meza, feni inazunguka kivivu. Nilifuta marudio, na kila nilipofuta nilijiona natembea ndani ya nyumba ambayo taa hazijawashwa, nafungua vyumba, nawakuta watu wale wale wamekaa. Chumba cha mwisho nikakuta nukta moja tu, inayotumwa kabla ya neno lolote. Nikaona haina kazi, nikaifuta.

Bodi ikawa bubu.

Nilikodolea macho kompyuta yangu hadi kope zikawa nzito. Nikiwa nusu macho nusu usingizini, nikaiona bodi inaamka, saa yake ya ndani inayumba kama mtu aliyetolewa kitandani ghafla, nami naishindilia maneno. Nikashtuka. Kumbe ile nukta ilikuwa inaipa nafasi itulie! Nikaandika amri ya wazi, pale pale juu ya faili: ngoja saa itulie kwanza. Nikawasha. Maneno yakamiminika, bodi baada ya bodi.

"Mbona hukuandika sababu, miaka yote hii?" nikamfokea.

Shemeji hakunitazama. "Ningeandika, mngeniita tena?"

Hasira ikaniisha. Nilimwonea huruma, na dada nikamwonea zaidi. Nikapiga namba yake, nikamkabidhi mumewe simu.

"Ni mimi," akasema. "Narudi nyumbani."

Upande wa pili nilimsikia dada akiuliza, "Wewe nani?"