Rangi ya Mtaa wa Lipova

"Hebu tazameni wenyewe," alisema Lyubomir, mtaalamu wa takwimu, akabonyeza kitufe, na kwenye ramani iliyomulikwa ukutani Mtaa wa Lipova ukageuka kijani mwanzo hadi mwisho. "Asilimia mia. Mdau akitupa jicho mara moja tu, keshaelewa."

"Keshaelewa nini?" aliuliza Zdravka Peeva.

Kwa miaka minne Zdravka alikuwa mkaguzi wa mradi wa maji wa manispaa ile. Kila Jumatatu alivaa viatu vyake vya mpira, akapita nyumba kwa nyumba, akafungua bomba la kila jiko kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaandika: yanatoka, au hayatoki. Lipova kulikuwa na nyumba thelathini na moja. Jumatatu iliyopita mabomba yote thelathini na moja yalikohoa hewa tupu.

Siku hiyo walikutana kuchagua dashibodi moja, yaani ramani ya takwimu yenye rangi, kati ya mbili, maana Alhamisi wafadhili wangefika. Ya kwanza ilihesabu mita za bomba zilizofukiwa ardhini. Ya pili ilihesabu nyumba zenye maji. Hiyo ndiyo aliyoitaka Zdravka, na hiyo ndiyo iliyouonyesha Mtaa wa Lipova mwekundu kama kidonda.

"Hii ya pili inatisha," alisema Mhandisi Krastev, mkuu wa mradi, akikoroga kahawa yake. "Mgeni humkaribishi kwa kumwonyesha choo."

Watu wakacheka.

"Bwana Mhandisi, pampu ilitakiwa Aprili, na hadi leo haijawekwa. Bomba bila pampu ni shimo refu tu. Bibi Tsona wa Lipova ana miaka themanini na miwili, na anateka maji kisimani nyuma ya kanisa!"

"Bi Peeva, wewe na mabibi zako! Mabomba yamefukiwa, hayakufukiwa?"

"Yamefukiwa."

"Basi mwongo nani hapa?"

Hapo hasira ikampanda Zdravka hadi masikioni. Uongo angeuweza, kwa kuwa uongo hukamatwa. Lakini huu ulikuwa ukweli uliochaguliwa, ukachongwa, ukapakwa rangi, mpaka ukaifanya kazi ya uongo pasipo kuchafua mikono ya mtu. Na chini ya ile ramani ya kijani, kwa herufi ndogo, aliona: *Chanzo cha takwimu: Z. Peeva.*

"Ondoa jina langu," alisema, akisimama.

"Bila jina la mkaguzi haikubali," Lyubomir alisema kwa upole. "Mfumo unadai."

"Basi mfumo una adabu kuliko ninyi."

"Kaa chini, mama," alisema Krastev. "Wanaoitaka ya kwanza?" Mikono saba ikanyooka. "Na wewe, ukinyamaza mpaka Alhamisi, Ijumaa utaikuta kazi yako."

Hakukaa. Alikwenda kwenye meza yake, akapanga nyumba za Lipova kwa namba, na mbele ya kila namba akaandika: *hayatoki*. Kwa kuwa alipenda jedwali lililonyooka, alilizungushia mistari minene myeusi. Chini akaandika jina lake, lote.

Asubuhi ya Jumatano alizibandika nakala za karatasi ile kwenye malango na kwenye miti ya mtaa, mahali ambapo watu wa mji ule huwatangaza marehemu wao kwa karatasi zenye picha na ukingo mweusi, maana huko hakuna apitaye bila kusimama.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee Penko, fundi viatu mstaafu. Alipouona ukingo mweusi alivua kofia, akajifanyia ishara ya msalaba, akatafuta picha ya marehemu. Hakuiona. Akasogea karibu.

"Nani tena huyo, Penko?" mwanamke aliita kutoka dirishani.

Mzee alipitisha kidole juu ya namba, taratibu, kikasimama kwenye namba ya nyumba yake.

"Sisi," alisema.

"Sisi nani? Soma basi, umekuwa bubu?"

Zdravka alisimama ng'ambo ya barabara, brashi ya gundi ikimdondokea kwenye kiatu. Mzee Penko alianza kusoma kwa sauti, tangu namba moja, kofia ikiwa bado mkononi. Na kwa kila namba aliyoitaja, lango la nyumba hiyo lilifunguka.