Kijiti cha Kulia

Kaka yangu Sadayuki alipokufa, sikulia. Naanza na hilo ili tusisumbuane. Watu walikuja, wakachoma ubani, wakanitazama usoni kana kwamba kuna kitu wamekidondosha humo, nami nikawamiminia chai. Nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima. Ungenichoma sindano ningekuuliza kama unataka na vitafunio.

Kwetu, ndani ya jeneza huwekwa vitu alivyovipenda marehemu, ila visiwe vya chuma, visiwe vya plastiki, wala visiwe na betri, kwa ajili ya tanuri la kuchomea maiti. Haya niambie: mtu aliyemaliza miaka kumi na moja akiunda kifaru cha vita cha mfano, cha chuma, plastiki na betri, utamwekea nini? Mkewe, shemeji Fumie, akaleta kitabu cha maelekezo ya kukiunganisha, maana kilikuwa karatasi tupu.

"Shemeji, hiki utakihitaji?" akaniuliza.

"Sikihitaji," nikasema. Angeniuliza kama nauhitaji mguu wangu wa kushoto, ningemjibu vivyo hivyo.

Kumbe pembezoni mwa kurasa za kitabu hicho, kwa penseli, ndimo kaka alimochora waya zote. Kikaungua pamoja naye. Nililikumbuka hilo siku tatu baadaye nikiwa napiga mswaki, na hata hapo sikuhisi kitu. Nilisukutua nikatema.

Kifaru chenyewe ni mfano wa kile cha jeshi cha Aina ya 61, tulichokuwa tukikiona udogoni kikipita mji wa Gotemba juu ya behewa la wazi la treni. Kimepunguzwa mara sita, lakini bado ni kirefu kuliko meza yetu ya chakula, na kukibeba kunataka watu wawili wenye viuno vizima. Kilitengenezwa kiwe pambo la ndani. Kaka hakutaka kusikia. "Kifaru kisichotembea ni sufuria," alisema, akaenda kwa wauza vyuma chakavu, akarudi na mota mbili za waipa za gari. Moja kwa mnyororo wa kushoto, moja kwa wa kulia. Mimi kazi yangu ilikuwa rangi, kutu ya bandia na matope ya bandia. Waya zilikuwa zake. Mimi hata balbu ya bafuni hubadilishiwa na shemeji, maana sote watatu tuliishi nyumba moja.

Rimoti ilikuwa moja yenye vijiti viwili: cha kushoto kiliendesha mnyororo wa kushoto, cha kulia wa kulia. Tukagawana. Yeye kulia, mimi kushoto, tumebanana bega kwa bega kama wazee wawili chini ya mwavuli mmoja. Kila Jumapili kwenye uwanja wa klabu yetu ya vifaru vya mfano, kando ya mto Abe, ilikuwa kelele tu.

"Katsunori, umelala?"

"Wewe ndiye unakimbia! Unawahi wapi, choo?"

Halafu mimi nina tabia moja. Kifaru kikikata kona, nami nainama, mwili mzima, mpaka kidole gumba kilichoshika kijiti. Wanachama wenzetu walikuwa wanashika mbavu. Kaka alikuwa anafoka, "Acha kuinama, we mtu! Kijiti chako ni mbele na nyuma tu, huko pembeni hakuna kitu!"

Miaka miwili iliyopita alifungua ile rimoti, akachokonoa ndani yake na ndani ya kifaru wiki nzima, akasema waya zimechoka. Tangu siku hiyo akabadilisha wimbo. "Inama!" anapiga kelele tukifika kwenye kona. "Inama, mvivu we!" Nikadhani uzee umemlainisha.

Siku arobaini na tisa za matanga zilipokwisha na majivu yakazikwa, akaja mwenyekiti wetu, Isogai. Ni daktari wa meno mstaafu, anatobolea vifaru kwa mashine ileile aliyotobolea watu, nami siwezi kuisikia bila kukaza taya.

"Kabati la kioo liko tayari pale klabuni," akasema. "Kifaru cha Sadayuki kikae humo, watu wakione. Wewe peke yako hukiwezi, au vipi?"

"Sikiwezi," nikasema. "Kichukueni Jumapili."

Fumie akaweka birika chini. "Shemeji, mwenzako alisema kifaru kisichotembea ni sufuria."

"Basi watakuwa na sufuria ndani ya kabati."

Akalichukua birika lake, akarudi jikoni. Lakini Jumapili tulipokishusha uwanjani, Isogai ameshavaa glavu nyeupe za kukibebea, Fumie akanitupia rimoti tumboni.

"Kivushe daraja," akasema. "Kikivuka, hakiingii kwenye kioo. Kikianguka, nitakibeba mwenyewe mpaka kabatini na sitasema neno."

Daraja letu ni mbao mbili juu ya mtaro wa maji, na liko mara tu baada ya kona kali ya kulia. Kuanguka pale ni kulowesha waya ambazo hakuna binadamu aliye hai anayejua zinakwenda wapi, kwa sababu mimi nilisema sikihitaji kitabu. Nilijua yote hayo. Nikaweka vidole gumba viwili juu ya vijiti viwili, nikasukuma.

Kikaenda. Kona ikafika. Nikavuta kijiti cha kulia nyuma, kama alivyokuwa akivuta yeye, ili mnyororo wa kulia upunguze mwendo. Kifaru hakikujali. Kikanyoosha kuelekea mtaroni.

"Kulia! Vuta cha kulia!" Isogai akapiga kelele.

"Navuta!"

"Vuta basi!"

"Nimekwambia navuta, ala!"

Ukingo wa mtaro ulikuwa umebaki kama urefu wa kiatu. Mwili wangu ukafanya ujinga wake wa siku zote, ukainama upande wa kulia, na kidole cha kushoto kikainama nao. Kifaru kikageuka kulia, taratibu, kikasimama kimeelekea mbao.

Nikauondoa mkono wa kulia kabisa, nikauficha mfukoni. Nikasukuma kijiti cha kushoto kidogo, minyororo yote miwili ikazunguka. Nikakilaza kushoto, pua ikaenda kushoto. Nikakilaza kulia, ikarudi. Kijiti cha kulia kilikuwa pambo; ile wiki ya kuchokonoa waya, kaka alihamishia kila kitu kwenye kijiti changu.

"Shemeji," nikasema, "mkono wake wa kulia ulikuwa na nini?"

Fumie akautazama mfuko wangu. "Ulikufa ganzi. Kiharusi kidogo, miaka miwili sasa. Alikuwa hahisi hata kijiko."

Kijiko. Nami nilikuwa nimemcheka mezani, nikamuuliza kama amekuwa mtoto, anakula kwa kushoto. Akanijibu anafanya mazoezi ya ubongo, akachukua kipande changu cha yai.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua kwamba unaendesha peke yako, utaogopa, utaacha."

Miaka miwili. Kila Jumapili alisimama kulia kwangu, kidole kisichohisi kimelazwa juu ya kijiti kisichofanya kitu, akinitukana kwamba namchelewesha.

"Mwongo!" nikapiga kelele pale uwanjani, mbele ya klabu nzima. "Mwongo mkubwa we, Sadayuki! Mshenzi!" Na hapo nikalia. Nililia vibaya, kwa makamasi, mtu wa miaka sitini na mbili na rimoti kifuani. Iliniuma. Iliniuma kila mahali, kama mguu uliokaliwa unapoamka. Isogai akageukia mto akajifanya anatazama maji.

Fumie hakunibembeleza. Alikuja akasimama kulia kwangu, akanibana bega, akaweka kidole chake gumba juu ya kijiti cha kulia.

"Hicho hakifanyi kitu," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Umelala? Twende."

Nikasukuma. Mbao ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, na katikati ya daraja kifaru kikaanza kwenda upande.

"Inama, mvivu we!" Fumie akafoka.

Nikainama.