Yowe la Sekunde Kumi na Moja

Kwaru, kwaru, kwaru. Kitu kilikuwa kinakwaruza gizani karibu na miguu yangu, polepole, kama panya aliyeingia kwenye gunia na hana haraka ya kutoka. Nikanyoosha mguu nikakisukuma. Kikaguna, kisha kikasema, "Umenipoteza. Nilikuwa nimefika pale pagumu."

Alikuwa Telesfori, mume wangu, amekaa mwisho wa kitanda, gitaa mapajani, nyuzi amezifunga kwa soksi ya mtoto ili zisilie. Kulikuwa bado hakujapambazuka. Mwanamume ana migomba ya kupogoa, ana kahawa ya kuanika, ana mama yake mzazi amelala chumba cha pili, na bado anaamka alfajiri kufanya mazoezi ya muziki wa chuma kwa msaada wa soksi. Nilimpenda hivyo hivyo. Nikamwambia aendelee, ila asitikise kitanda, mwanetu Ainebyona asije akaamka.

Chuma ndivyo tunavyouita ule muziki wa magitaa makali na watu wanaopiga kelele. Kundi letu la WhatsApp linaitwa Vyuma vya Nyumbani, na tuko kumi na moja. Lilianzia dukani kwa Abdulkarim, pale Kayanga, anakouza chaja na vioo vya simu. Siku moja alinunua simu ya mtumba akakuta ndani yake memori kadi yenye nyimbo mia mbili, za zamani na za zamani zaidi, hakuna hata moja yenye jina. Zilikuwa na namba tu. Kwa hiyo waimbaji tuliwabatiza wenyewe. Yuko Mzee Kokoto, anayeimba kama trekta linalotafuta gia. Yuko Baba Suruali, tuliyemwita hivyo kwa sababu tulikubaliana kwamba hakuna mwanamume anayefika sauti ile bila kubanwa mahali. Na yuko Bibi Harusi, ambaye tulimjadili mwaka mzima kama mwanamke, mpaka kwenye wimbo namba tisini akakohoa, tukajua ni baba wa watu. Jina hatukumbadilishia. Tulikuwa tumeshamzoea.

Kila Jumamosi Abdulkarim hutaja namba. Kila mtu huurudia wimbo huo nyumbani kwake kwa alichonacho, halafu anautuma kwenye kundi tuchambuane. Mabira kuna ndugu wawili wanaopiga ngoma kwa madumu ya mafuta. Songambele kuna kinyozi mmoja, Mgeni, anayeimba kwa pua na hajui. Nyabiyonza kuna sisi.

Safari hii Abdulkarim alisema tutengeneze wimbo mmoja kwa pamoja, namba arobaini na moja, kila mtu arekodi kipande chake kwake, yeye aunganishe. Kwa Kiingereza nilichokipata kwenye masomo ya jioni, wimbo huo unamhusu mtu aliyeachwa na treni. Telesfori kwa miaka miwili alikuwa anaamini unamhusu Yesu. Mwishoni Baba Suruali analiita lile treni lirudi, na anachokiita kuita ni yowe moja la sekunde kumi na moja, juu kabisa, bila kuvuta pumzi.

Hapo palihitajika koo moja, na tuliolitaka tulikuwa wawili, mimi na Mgeni. Sheria aliiweka Abdulkarim. Urekodi mara moja bila kuunga, sauti iwe moja tu, na ifike kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumapili. Mgeni akatuma ujumbe wa sauti kwamba Mama Aine ana sauti nzuri sana ya kuitia kuku. Nikamjibu kwamba na yeye ana pua nzuri.

Nilicheka, lakini nilikuwa nalitaka lile yowe kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Shule niliiachia kidato cha pili, mambo ya kawaida. Kwaya waliniondoa. Mwalimu aliniambia kwa upole kwamba sauti yangu inapasua pazia la hekalu kabla Ijumaa Kuu haijafika. Nilitaka mara moja katika maisha yangu niambiwe kwamba hapa panakutaka wewe, na hiyo hiyo sauti yako.

Tatizo ni kwamba kwetu yowe lina wenyewe. Kwa Kinyambo linaitwa enduru. Ukiipiga, maana yake kuna mwizi, moto, chui, au mtu anakufa. Anayeisikia anakuja mbio na chochote alichoshika, na kabla ya kukimbia naye anaipiga, ili wa mbali zaidi wasikie. Hakuna anayesema mimi sikusikia. Na anayeipiga bure anatozwa ndoo ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na anakalishwa mbele ya watu.

Hayo yote niliyajua. Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda kwa Mzee Sibomana, mwenyekiti wetu wa kitongoji, nikampa shikamoo, nikamweleza habari ya treni. Alisikiliza vizuri. Akauliza kwa nini huyo mtu asichukue bodaboda. Nikasema wimbo ni wa zamani. Akaona hiyo ni sababu, akatuma neno nyumba zote za upande wetu, kwamba Jumapili saa tisa Mama Aine atapiga yowe kwenye kibanja chake cha migomba, ni la uongo, mtu yeyote asije.

Jumapili saa tisa Telesfori aliiegemeza simu kwenye mgomba. Ainebyona, ambaye ana miaka minne, alikalishwa kwenye jamvi akaambiwa asipumue. Nikafumba macho, nikamfikiria Mgeni, nikafungua koo.

Lilitoka. Sekunde tatu, nne, tano, nikalisikia linapanda juu ya migomba na bado ninalo jingine tumboni. Ilipofika sekunde ya saba nikasikia lingine. Lilitoka ng'ambo ya bonde, jembamba, la mtu mzima. Halafu la tatu, mbali zaidi. Halafu yakawa mengi, bonde zima likaamka, na nilipofumbua macho majani ya migomba yalikuwa yanapasuliwa na watu. Panga, fimbo, mchi. Mmoja alikuwa na Biblia, alitoka nayo kwenye jumuiya, na aliishika kwa namna ya mtu aliyekusudia kuitumia.

Mbele yao alikuwa Mzee Sibomana, na mkuki.

Nikamkumbusha kwamba tulikubaliana. Alikuwa anahema, amekasirika kama mtu aliyekimbia bure akiwa na miaka sitini na nane.

"Tulikubaliana kuhusu yowe lako," akasema. "Hili nililolikimbilia mimi ni la Deodatha."

Hapo ndipo nilipoliona kosa. Ng'ambo ya bonde hakuna aliyepelekewa neno. Bibi Deodatha aliposikia, akapokeza, kama inavyotakiwa. Na watu wa upande wetu, walioambiwa wasije kwa yowe langu, hawakuambiwa wasije kwa yowe la mtu mwingine.

Deodatha mwenyewe alifika wa mwisho. Ni mjane, anaishi peke yake, amepita miaka sabini. Alikuwa amevuka kijito, khanga imelowa hadi magotini, na mkononi ana mwiko wenye ugali. Hakumtazama mtu. Akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Akamwona Ainebyona kwenye jamvi, akachuchumaa, akamshika mkono mmoja, wa pili, mguu, wa pili, akamgeuza akamtazama kisogo. Alipomaliza kumkagua akakaa chini.

Telesfori akamweleza. Treni, kundi, Kayanga, sekunde kumi na moja. Watu wengine walishaanza kucheka, yule wa Biblia akiwa wa kwanza. Deodatha hakucheka wala hakukaripia. Alinitazama mimi tu.

"Siku nikipiga mimi," akasema, "watakuja?"

Kicheko kikakatika. Jibu tulilijua wote wawili. Yowe likizoeleka mara moja, mara mbili, siku ya tatu mtu anageuka kitandani anasema ni wale wa muziki. Nikachukua simu pale kwenye mgomba, nikaisogeza mbele ya macho yake, nikaifuta ile sauti akiona. Telesfori akatazama pembeni kama mtu anayeangalia ng'ombe wake akichinjwa.

Mzee Sibomana akatoa hukumu akiwa amesimama. Ndoo ya rubisi, ipelekwe kwa Deodatha. Na kuanzia leo hakuna yowe tupu katika kitongoji chake, liwe la wimbo au la treni.

Watu wakatawanyika. Ilikuwa saa kumi na nusu. Kwenye simu Mgeni alishatuma la kwake. Lilitoka puani lote, tangu sekunde ya kwanza hadi ya kumi na moja, lakini lilikuwa limefika, na la kwangu halikuwapo. Nikaingia jikoni kumchemshia Bibi Deodatha chai, kwa sababu ugali wake ulikuwa unaungua ng'ambo na hakuna wa kuugeuza. Nilikuwa nalia kidogo. Nilisingizia moshi.

Mama mkwe wangu, Placidia, alikuwa mlangoni anapukuchua maharage. Muziki wetu haupendi hata kidogo. Husema Telesfori alizaliwa mzima, alikuja kuharibikiwa ukubwani. Alipukuchua, akapukuchua, halafu akasema bila kuinua kichwa kwamba kwenye shamba la mtama watoto wanapiga kelele kutwa nzima za kufukuza ndege, na hajawahi kuona mtu anakimbilia huko na mkuki.



Nikamgeukia Deodatha. Kwangu yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, si mwenyekiti. Alikunywa chai yake mpaka nusu kikombe.

"Debe kwanza," akasema. "Debe likilia kwanza, kila mtu anajua ni ndege."

Telesfori alikimbia kwenda kwa Mzee Sibomana kumpelekea hilo sharti. Mzee alisema kama Deodatha ameridhika yeye nani, ila safari hii apeleke mtu ng'ambo pia, maana na yeye ana magoti. Mpaka mtu akavuka na kurudi, jua lilikuwa limeinama. Tukapanda kwenye mteremko wetu wa mtama. Ndege walikuwa wameujaa, wanakula kama wamealikwa. Telesfori akashika debe na kipande cha nondo, simu nikaiweka juu ya jiwe, Ainebyona akasimama nyuma yangu ameshika sketi.

Debe likalia, nga, nga, nga, na naapa lilifanana na treni kuliko lile treni la kwenye memori kadi. Nikafungua koo mara ya pili siku ile. Lilikuwa limechubuka, na nadhani hilo ndilo lililolifanya liwe zuri zaidi, lilikuwa na kokoto chini na suruali juu. Nilimwona mtu ng'ambo akiinua kichwa, akasikiliza, akarudi kukusanya kahawa yake. Hakuna aliyenijibu. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, pumzi ikaisha.

Kukawa kimya. Na kwenye ukimya huo, kabla sijaifikia simu, Ainebyona akasema kitu.

Si kwa sauti kubwa. Lakini simu ilisikia, nami nikajua nimeharibu. Sauti mbili. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano, koo langu halikuweza kutoa hata "wee". Nikaituma kama ilivyo, nikambeba mwanangu, tukateremka nyumbani.

Mgeni alikuwa wa kwanza kuandika. Sauti mbili hizo, sheria ni sheria. Mabishano yakaendelea siku mbili, na kama kawaida yakahamia kwa wakubwa wa kwenye memori kadi. Mmoja akasema Mzee Kokoto asingeruhusu mtoto karibu na kinasa sauti. Mwingine akasema Mzee Kokoto angeruhusiwa na nani kukaribia mtoto. Wale ndugu wa Mabira ndio waliouliza swali la maana, kwamba Bibi Harusi alikohoa kwenye namba tisini na kikohozi kimebaki hadi leo, je, kuna aliyewahi kukitoa? Mgeni akajibu kwamba kikohozi ni cha mwenyewe.  Mimi niliosha nguo, nikakamua, nikaanika, simu nimeifunga kwenye pindo la khanga kama hirizi.

Jumanne ikaingia sauti ya Abdulkarim, pikipiki za Kayanga zinapita nyuma yake.

"Mgeni, ndugu yangu, wewe utashika viitikio, na utavishika vizuri. Yowe la mwisho ni la Mama Aine. Na mtoto asiguswe."

Niliisikiliza mara tano. Mara ya sita Placidia akaniuliza kama yule muuza chaja ananidai.

Wimbo ulipokamilika tuliupeleka kwa Bibi Deodatha pamoja na ndoo ya rubisi, Jumapili nyingine baada ya ibada. Alikaa kizingitini, simu kwenye mapaja, kibuyu mkononi. Magitaa yalipoingia akauliza kama simu imeharibika. Mgeni alipoingia akauliza huyu ana mafua tangu lini. Telesfori alipofika pale pake pagumu akamtazama, akasema kumbe unafanyaga kazi, na mume wangu akainamisha uso kama mwari. Halafu madumu ya Mabira yakapungua, debe likaanza, nikapanda mimi.

Deodatha aliweka kibuyu chini. Alikuwa amesimamisha kidole kimoja, anahesabu. Yowe likapita, likaisha, magitaa yote yakanyamaza kwa pamoja, Abdulkarim aliyanyamazisha makusudi, na katika kimya hicho ikatoka sauti ya mwanangu:

"Mama, ndege wote wameondoka."