Ziwa Tulilolificha

Kwa miaka kumi na tisa mimi na Orval Pruett tuliwadanganya watu wa wilaya nzima, na hatukuona haya hata kidogo. Huku kwetu Kentucky, mvuvi wa krapi anayesema ukweli kuhusu mahali anapovulia ni mjinga, na wajinga ndio waliwao.

Krapi si samaki mgumu ukishampata. Kazi ni kumpata. Ni samaki bapa mwenye madoa meusi na mdomo laini unaochanika ukivuta kwa pupa, na karibu mwaka mzima hukaa kilindini asikoonekana. Lakini ikifika Aprili, miti ya maua meupe ikichanua msituni, hupanda kwenye maji mafupi kutaga na kujificha kwenye matawi yaliyozama. Maziwa madogo hupata joto mapema kuliko makubwa, wiki mbili nzima. Watu wengi hilo hawalijui, au wanalijua ila wanaona uvivu kutembea.

Sisi tulitembea. Nyuma ya kilima cha Ziwa la Baldwin kuna shimo la zamani la makaa ya mawe lililojaa maji, halina hata jina. Kila Februari tulizamisha mierezi humo, kila shina limefungwa tofali la saruji, na tuliujua kila mti ulipolala. Mashua yetu ya bati tuliificha kichakani. Pikapu tuliegesha Baldwin, pale pa kushushia mashua, ambapo kila mtu angeiona, kisha tukavuka kilima kwa miguu na ndoo ya chambo. Tukiulizwa, tulikuwa Baldwin. Hata wake zetu walijua ni Baldwin. Mke wangu alikufa akijua ni Baldwin.

Mwaka huu goti langu lilikikataa kile kilima, kwa hiyo Orval akawa anakwenda peke yake. Alikuwa na miaka sabini na moja, na kule bondeni simu haishiki.

Alhamisi, saa nane mchana, Lavonne, mke wa Orval, akanipigia.

"Hujambo shemeji? Hivi huyu mzee wangu kakwambia anakwenda wapi leo? Alisema atarudi kabla ya chakula cha mchana."

Nyuma yake nikaisikia sauti ya Doyle, kaka yake. Doyle ametuwinda miaka mingi akitaka kujua tunavulia wapi. Aliwahi hata kutuvizia na darubini. "Mbane huyo, dada," alikuwa anasema. "Huyo ndiye anayejua."

Nikajisemea, haya, leo Doyle kamtuma dada yake.

"Si yuko Baldwin," nikasema. "Atakuwa wapi tena?"

"Una uhakika?"

"Shemeji, krapi wakianza kuuma chambo, mtu hasikii njaa. Mwache mzee wa watu avue."

"Haya," akasema. "Asante, Harlan."

Nikarudi kwenye kiti changu na kahawa yangu. Sitaficha: nilifurahi. Nilijiona nimemlinda rafiki yangu, nikaanza kupanga jinsi nitakavyomsimulia na jinsi tutakavyomcheka Doyle.

Saa kumi na moja jirani akapita kuniambia kwamba zimamoto wa kujitolea wako Baldwin na mashua tatu tangu saa tisa, wanapitisha kulabu chini ya maji kumtafuta Orval. Walikuwa wameikuta pikapu ya Orval, basi hawakuwa na sababu ya kutafuta kwingine. Nikachukua funguo za gari. Nilimpigia sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, huku nikiendesha, nikamwambia wanatafuta kwenye ziwa silo.

"Na wewe umejua tangu lini?" akauliza.

Nilimwelekeza njia ya kilimani.

Vijana wake walinipita nikichechemea. Nilipofika upande wa pili walikuwa wamesimama tu, wamevua kofia.

Orval alikuwa ukingoni, kiwiliwili nje, miguu majini, nguo zimelowa hadi shingoni. Aliteleza akishuka mashuani na mfupa wa paja ukavunjikia kwenye mawe. Kwenye matope zilikuwapo alama za viwiko vyake, kiasi cha hatua nne, pale alipojikokota. Alikuwa amejikusanyia majani makavu kifuani apate joto. Ndani ya mashua mlikuwa na krapi kumi na wawili, wanene, wazuri kuliko wote niliowaona mwaka huu. Na kutoka pale alipolala, injini za mashua za Baldwin zilisikika wazi, zinakwenda na kurudi nyuma ya kilima. Nilizisikia mwenyewe.

Daktari wa wilaya aliniita pembeni. Akasema baridi ndiyo iliyomuua, polepole, na kwamba saa kumi ilipita akiwa bado anapumua. Mguu peke yake usingemuua. Nilimsihi asimwambie Lavonne. Akafunga mkoba wake, akaondoka.

Tulimzika Jumapili. Baadaye watu walikula kwenye ukumbi wa kanisa, nyama ya nguruwe na viazi vya kuoka na jibini, wakinipa mkono na kuniambia Orval hakuwa na rafiki kama mimi. Lavonne akaja na sahani yake akaketi mbele yangu.

"Harlan," akasema taratibu, "nilipokupigia saa nane, alikuwa bado hai?"

Nilikuwa nimejitayarisha. Usiku wa siku tatu nililala nikiyapanga maneno yangu, na niliamini kabisa kwamba nayasema kwa huruma.

"Hapana, shemeji. Alifariki asubuhi, papo hapo. Hakuteseka hata dakika."

Alinikazia macho muda mrefu. Yalikuwa makavu. Akaweka uma chini.

"Daktari alikuja nyumbani Ijumaa," akasema. "Nilitaka tu kujua wewe utasema nini."

Akachukua sahani yake, akaenda kuketi na Doyle.