Kiti cha Mzee Mstari

Kinyozi huyu hakuwa mwoga wa kila kitu. Aliwahi kumtoa nyoka chooni kwa ufagio, na siku mlevi mmoja alipoingia dukani na chupa iliyovunjika, alimkalisha kitini, akamfunga kitambaa shingoni na kumnyoa taratibu mpaka jamaa akalala. Aliyemwogopa ni baba mkwe wake.

Baba mkwe ndiye mwenye duka. Watu walimwita Mzee Mstari, kwa sababu enzi zake akikuchora mstari wa paji la uso, ungeweza kuweka rula juu yake. Duka lilikuwa na viti viwili mbele ya kioo kimoja kirefu: kile cha dirishani cha mzee, na cha pili cha kinyozi, mkwe wake. Nyuma yao kulikuwa na benchi la wanaosubiri.

Tatizo ni kwamba mkono wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka. Mistari yake sasa ilipanda na kushuka kama barabara ya milimani. Wateja hawakuthubutu kusema, maana wengi wao alikuwa amewanyoa tangu wakiwa watoto. Walichofanya ni kuchungulia mlangoni kwanza. Wakikuta kiti cha mkwe kina mtu, walikaa kwenye benchi na kuchukua gazeti. Mzee akiwaita, walisema, "Ngoja nimalizie habari hii, mzee." Gazeti lenyewe lilikuwa la mwaka uliopita.

"Mwambie," mke wa kinyozi alimsihi kila wakati. "Iko siku atamkata mtu sikio."

"Si umwambie wewe? Ni baba yako."

"Nikimwambia mimi atasema binti yake kamchoka. Wewe ni mwenzake wa kazi."

Kusema ni rahisi. Huyu bwana alikuja pale hajui hata kushika mashine, mzee akamfundisha. Baadaye akampa binti. Kila alichokuwa nacho kilitoka kwenye mkono ule, na sasa yeye ndiye auambie mkono huo basi, inatosha. Je, mzee akimfukuza? Je, akiugua kwa simanzi, lawama zote si zitamwangukia yeye? Na labda mkono hautetemeki sana. Labda ni yeye tu anayeukodolea macho.

Alijaribu. Asubuhi, kabla mzee hajafika, alikuwa akisimama mbele ya kioo na kulisema neno lote bila kukwama, tena kwa adabu na huruma. Mzee akiingia, alimsogelea.

"Baba, kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Poda inakaribia kwisha."

Basi mzee ananunua poda. Ikawa hivyo mpaka kabati likajaa makopo ya poda ya kutosha kambi nzima ya jeshi.

Jumamosi moja asubuhi, bwana harusi akaingia. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na ndoa yake ilikuwa mchana wa siku hiyo. Bila shaka wazo la harusi lilimvuruga, kwa sababu alisahau kuchungulia. Mkwe alikuwa amefika nusu ya kichwa cha fundi bomba. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

"Bwana harusi hanyolewi na mwanafunzi," mzee alisema, akikung'uta kitambaa. "Njoo huku."

Mwalimu alimtazama mkwe kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Mkwe akauona mkono wa mzee ukiichukua mashine. Akilini akamwona bibi harusi mbele ya watu wote, akifunua shela na kukutana na paji lile. Hakufikiri zaidi ya hapo. Alimwacha fundi bomba na nusu yake, akavuka, akakaa kwenye kiti cha mzee.

"Nianze mimi, baba. Na mimi naenda harusini."

"Hukuniambia kama umealikwa."

"Nimealikwa sasa hivi," mkwe akasema, akimtazama mwalimu, ambaye alitikisa kichwa kukubali kwa haraka sana.

Mzee hakuona ubaya. Alimfunga mkwe wake kitambaa, akawasha mashine. Nia ya mkwe ilikuwa kuchelewesha tu, ili mwalimu apate nafasi ya kutoroka. Lakini mwalimu, mtu wa watu, aliona vibaya kumkimbia mtu anayeteseka kwa ajili yake. Akabaki amesimama, mikono kifuani, kama yuko msibani.

Mzee alipomaliza, alikigeuza kiti kuelekea kioo. Mkwe akajitazama. Mstari ulianzia juu ya sikio la kulia vizuri, ukapotea njia katikati ya paji, ukateremka upande wa kushoto na kuondoka na nusu ya nyusi.

"Umependeza," mzee akasema. "Haya, bwana harusi."

Mkwe hakunyanyuka.

"Baba, kuna jambo."

"Kama ni poda, hata usiseme."

"Si poda." Mkwe alishika kiti kwa mikono miwili. "Mkono wako unatetemeka, baba. Umeanza muda sasa. Sitaki uje umkate mtu, halafu watu wakukumbuke kwa hilo tu, waisahau mistari yote uliyochora. Naomba upumzike. Niachie mimi."

"Ni kweli, mzee," fundi bomba akasema kutoka kiti cha pili, kisha akakumbuka kwamba nusu ya kichwa chake bado iko mikononi mwa ukoo huu, akainama.

Mzee aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Umekalia kiti changu ili uniambie hivyo?"

"Nimekikalia kwa sababu nikisimama nitakimbia."

Mzee alizima mashine, akavua koti lake jeupe, akalitundika, akatoka bila kuaga. Mkwe akanyanyuka, akakung'uta kitambaa. Hatimaye akamkalisha mwalimu na kuchukua mashine. Mwalimu akaona mkono unaomjia nao unatikisika.

"Na wewe pia?"

"Mimi ni hofu tu. Ngoja ipite."

Wakaingoja. Ikapita. Mwalimu akatoka na mstari ulionyooka, na fundi bomba akapata nusu iliyobaki.

Nyumbani, mke alimwona mumewe na nyusi moja na nusu, akacheka hadi akakaa chini. Aliposikia kilichotokea, akaacha kucheka. Akaleta wanja na kumchorea ile nusu iliyokosekana. Kwa siku kadhaa mkwe alikwenda kazini hivyo hivyo, na akitoka jasho alilazimika kugeukia ukutani.

Mzee hakuonekana. Mkwe alishaanza kuamini kwamba ameivunja familia, mpaka mama mkwe alipotokea dukani mwenyewe, mkoba kwapani.

"Mwanangu, njoo umchukue mwenzio."

"Bado ana hasira, mama?"

"Hasira angekuwa nayo ningefurahi, angenyamaza. Ananifundisha kuosha vyombo. Jana kapanga sufuria zangu kwa ukubwa. Mimi ndoa hii nimeiweza kwa sababu alikuwa anatoka asubuhi."

Mkwe akaenda. Alimkuta mzee jikoni, amekunja mikono ya shati.

"Baba, rudi dukani. Kunyoa hapana. Lakini rudi."

"Ulijua tangu lini?"

"Muda, baba."

"Na mimi pia," mzee akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie. Nikasema, huyu akishindwa kunizuia mimi, atamzuiaje mteja anayetaka kuachiwa denge utosini?"

Mkwe hakujua kama ni kweli au mzee ameitunga pale pale. Hakuuliza.

Siku hizi mzee anakaa kwenye benchi. Anatoa amri kutoka huko: punguza hapo, rudi nyuma ya sikio, kichwa cha huyu kimepinda tangu utotoni, usikifuate. Juzi mkwe alizima mashine, akageuka na kusema, "Baba, naomba uniachie," na sauti haikutikisika. Mzee akaacha kuamuru. Akamgeukia mteja aliyekaa ubavuni mwake, akamkagua mbele na nyuma, akamuuliza ni nani aliyemharibu namna hii.

"Ni wewe, mzee, uliponinyoa mara ya mwisho."

Mzee akasogea karibu zaidi, aone vizuri.

"Haiwezekani," akasema. "Mimi sifanyi kazi ya hovyo hivi."